Mkono wa Kiti Ninaokutumia

Nyumbani, chumba cha mbele,
S.L.P. ile ile.
Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mpendwa mjukuu wangu Mbona,

Salamu kwanza, maana hata nikiwa na haraka siwezi kukuvamia kama mgambo. U hali gani? Kifua kimetulia, au baridi ya huko bado inakung'ang'ania? Mama yako anasema unalala maktaba na kushindia mkate mkavu. Kula, mjukuu wangu. Hakuna shahada anayopewa mtu aliyezimia.

Sisi huku tupo. Baba yako mguu unamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa. Mama yako ndiye anayenigeuza kitandani, ananiosha na kunigombeza, na yote anayafanya kwa upole isipokuwa hilo la mwisho. Mimi moyo umechoka. Daktari, kijana mwenye adabu, alizunguka mbali sana kunieleza, mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Sema tu, baba. Mimi kazi yangu ilikuwa mawe, sivunjiki kwa neno." Akasema ni suala la wiki, si miezi. Kwa hiyo ukiona mwandiko unatambaa, uvumilie.

Barua pepe yako mama yako aliichapisha pale stesheneri akanisomea yote, mpaka lile swali la mwisho: "Bibi, nimekosea wapi?" Muda wote huu sijakujibu. Hapa nyumbani wanadhani ni ugonjwa. Si ugonjwa.

Nianze na lililo zito, ili hata nikizimika katikati ya ukurasa uwe umelipata. Usibadilishe hata tarakimu moja katika utafiti wako.

Nimekuelewa vizuri. Umeuchukua mteremko huu wetu kwa ajili ya shahada yako ya majanga ya asili. Umekusanya picha za setilaiti na vipimo vya mvua vya miaka mingi, na kila ukipiga hesabu kompyuta inaupaka mteremko rangi nyekundu. Ramani ya zamani ya maporomoko, ile inayoning'inia kwenye korido ya ofisi ya upimaji, inaupaka kijani. Msimamizi wako, ambaye hajui kwamba aliyeichora ni bibi yako, anasema ramani hiyo haijasutwa na mvua yoyote kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo kosa litakuwa lako wewe ambaye hujawahi hata kuchimba shimo pale. Amekutaka uzirekebishe takwimu zilingane nayo, kisha uwasilishe mwisho wa mwezi huu. Na halmashauri inaingoja tasnifu yako ili ipitishe ujenzi wa wodi ya wazazi pale kwenye uwanja wa tambarare, juu ya nyumba zetu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini masikio yangu siku hizi yanachukua neno moja na kuliacha la pili, na tena, niseme kweli, sikutaka kuisikia sauti yako ikinyamaza.

Sasa nikueleze jinsi ramani ile ilivyochorwa.

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi ya upimaji. Walinipa jina la Bibi Nyundo, kwa ile nyundo ndogo ya kugongea miamba, na nililibeba kama cheo. Kulikuwa na mpimaji mmoja mwandamizi, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, aliyewatangazia wenzake: "Tutaona kama atapiga jiwe au atapiga kidole." Nilipokabidhiwa ramani ya mteremko huu nilijua kwamba wanaoisubiri ni wengi, na wengi wao wanasubiri kidole.

Wakati ule hatukuwa na setilaiti. Tulikuwa na miguu na macho. Wewe umefundishwa darasani kwamba udongo unaotambaa polepole huinamisha miti. Mti huegemea bondeni, kisha hujinyoosha kutafuta jua, ukabaki umepinda shinani kama mpini wa mwavuli. Sisi tulikuwa tukiitegemea sana kanuni hiyo. Mahali penye miti iliyopinda tulipaka nyekundu, na mahali penye miti iliyonyooka, kama hakuna ishara nyingine, tulipaka kijani.

Nilitembea mteremko mzima kiangazi kile, kutoka barabarani mpaka kwenye tambarare. Misonobari ilikuwa imenyooka kama askari kwenye gwaride. Niliona na visiki, tena si haba. Katika daftari langu la kazi niliandika maneno mawili tu, "miti imevunwa," nikapita. Sikujiuliza ni miti gani iliyovunwa. Wewe ungejiuliza. Ndiyo maana tangu ujue kusema kila mtu anakuita Mbona, si jina lako halisi.

Ramani ikachapishwa, nikasifiwa, na sifa ile ikanipatia nafasi ya kwenda kusoma nje, kama ulivyo wewe sasa. Ofisi ikachanga ikaninunulia zawadi ya kuniaga, kiti cha mikono miwili. Unakifahamu. Ndicho ulichokuwa ukipanda kama farasi, na juzi mama yako alinikalisha juu yake ili anichane nywele.

Kilitengenezwa na seremala tuliyemwita Fundi Kombo, kwa sababu hakupenda mbao zilizonyooka. Nilikwenda kukichukua mwenyewe. Nikaipapasa ile mikono, jinsi ilivyopinda bila kiungo wala msumari, nikamuuliza anaipindaje, kwa mvuke au kwa moto.

Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Mimi nipinde mti, dada? Mungu ameshanipindia. Kule mteremkoni ilikuwa imejaa. Nilimaliza yote kwa msimu mmoja, kabla hamjaja na nyundo zenu. Iliyobaki imenyooka, ya kazi gani kwangu?"

Akaendelea kunisimulia habari za vanishi. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono juu ya mkono wa kiti, na nilikuwa nimekwisha kuelewa. Mteremko ulikuwa unatembea. Miti iliyolijua hilo ilikuwa imegeuzwa viti, nami nilikuwa nimeenda kuihoji ile iliyobaki.

Zilikuwa zimebaki siku chache nisafiri. Mkurugenzi alikuwa ameshaandaa hotuba. Nilimwona mwenye kalamu tatu akinipigia makofi kwa ncha za vidole, nikaona jinsi ambavyo angefurahi nikikiri kosa. Nikajiambia nitarekebisha nikirudi, kwani mlima una haraka gani?

Niliporudi viwanja vilikuwa vimeshagawiwa, na aliyekuwa wa kwanza kujenga ni kaka yangu, babu yako. Alinishika mkono akanipeleka kuona msingi, akawaambia mafundi, "Mimi sina wasiwasi. Aliyepima hapa ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja." Mbona, nilifungua mdomo nikaufunga. Tangu siku hiyo haujafunguka kwa jambo hili mpaka leo ninapokuandikia.

Mkono umechoka. Nitaendelea kesho, Mungu akinipa hiyo kesho.

Jumapili

Nimeamka. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inanyesha.

Ulipokuwa mdogo ulinipa jina jingine, Bibi Masika, kwa sababu kila mvua zikianza nilikuja kukaa kwenu mpaka ziishe. Mlidhani nawapenda zaidi wakati wa mvua. Baba yako alikuwa akitania kwamba shangazi yake paa linavuja ila anaona haya kusema. Nilikuwa nakuja kutazama kuta. Mkishalala, nilipitisha kiganja ukutani chumba kwa chumba kutafuta ufa mpya. Na nilijiambia kwamba mlima ukiteremka, utanikuta na mimi ndani. Niliona hiyo ni haki. Leo naiona ni ujinga, maana kufa pamoja nanyi kusingemsaidia yeyote. Mlichohitaji ni sentensi moja tu kutoka kwangu.

Na mlima, kwa fadhila zake, ulinyamaza. Masika yakaja yakaondoka, miaka ikawa makumi. Mtu akikaa muda mrefu bila kuadhibiwa huanza kudhani kwamba alikuwa sahihi. Nilistaafu nikiwa nimekaribia kuamini ramani yangu mwenyewe.

Halafu mwaka jana wakapanua barabara pale chini. Walichimba mguu wa mteremko kwa tingatinga, ukuta mrefu wa udongo mwekundu ukabaki wazi bila kitu cha kuushikilia. Waliulizwa kama ni salama, wakaonyesha ramani yangu. Wewe unajua kuliko mimi maana ya kuukata mguu wa mteremko unaotambaa. Tangu hapo mlango wa jikoni umekuwa ukikwama, na baba yako ameuchonga kwa randa mara kwa mara. Katika chumba changu ufa umeshuka kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni.

Baba yako amemwita fundi plasta, mtu mcheshi anayeishi mjini kwa methali moja tu, "usipoziba ufa utajenga ukuta." Anaziba, analipwa, anarudi. Nilipolalamika, baba yako akanijibu, "Shangazi, nyumba nayo inazeeka. Mbona wewe una mikunjo na hatujakuita fundi?" Nilicheka. Lakini kuna ufa ambao ukiuziba unajifumba macho tu.

Kwa hiyo nilimwomba mama yako anitolee sanduku langu la kazi. Humo mna vile vipande vyembamba vya kioo tulivyokuwa tukitumia kwenye hadubini. Nikamwelekeza abandike kimoja kukatiza ufa, nyuma ya kabati, kwa plasta kila upande, na aandike tarehe. Ni njia ya zamani ya watu wa kazi yetu. Ukuta unaweza kusema uongo, na plasta huvutika kidogo, lakini kioo hakijui kuvutika. Nyumba ikisogea kiasi cha unywele, kinapasuka. Mama yako alidhani ni mambo ya wazee, akabandika ili nilale.

Kile cha kwanza kilipasuka kabla ya mvua kuanza. Cha pili kilipasuka wiki iliyopita. Cha tatu mama yako alikibandika jana jioni, na asubuhi hii aliposogeza kabati ili afagie, nilimwona akisimama na ufagio mkononi bila kufagia.

"Shangazi," aliniambia, "hiki nilikibandika vizuri."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona kimekatika?"

Swali hilo, neno kwa neno, lingekuwa lako. Nilimwambia amwite baba yako.

Jumatatu

Nimewaambia. Nataka uliandike moyoni kwamba wao wamelisikia kwa sauti, hawakulisoma baada ya mimi kufa. Nilikuwa nimepanga iwe hivyo, barua yao ifunguliwe nikishazikwa. Ufagio wa mama yako ndio ulionizuia.

Baba yako alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilimsimulia yote, Fundi Kombo, hotuba, msingi wa babu yako. Alisikiliza akitazama kioo kilichopasuka kiganjani mwake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nirudie baadhi ya maneno, na kuungama ni kugumu ukitakiwa kupaza sauti.

Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo kila masika ulikuwa unakuja kwa ajili ya nyufa?"

"Ndiyo."

"Na sisi tulikuwa tunakuchinjia kuku."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema, "Baba yangu aliitaja nyumba hii kama anataja msikiti na kanisa kwa pamoja. Ulimwacha afe akijisifia." Alitoka nje kwenye mvua bila koti. Mama yako alinifunika shuka, akaniambia, "Usimfuate kwa macho, shangazi. Atarudi," kisha akaanza kutoa nguo kabatini na kuzifunga kwenye mashuka. Hakuniuliza lolote. Mama yako akishaelewa jambo, huwa ameshaanza kulifanya.

Alirudi ameloa chepechepe. Alikuwa amekwenda kugonga nyumba zote za mstari wetu, kisha akapeleka vile vioo halmashauri ndani ya bahasha, pamoja na karatasi niliyoitia sahihi. Ofisa wa zamu, maana ilikuwa Jumapili, alimwambia kwamba ramani inaonyesha kijani. Baba yako akamjibu, "Aliyeipaka kijani yuko nyumbani kwangu amelala, na amebadilisha mawazo. Njoo umuulize kabla hajaondoka." Wametuma mtu. Alikuja jioni, akatazama ukuta wa barabarani na ufa wangu, akaondoka kwa kasi zaidi ya alivyokuja. Leo asubuhi wanawahamisha watoto wa shule ya chekechea. Baadhi ya majirani wamekubali kuhama. Wengine wanasema bibi wa pale juu anaweweseka kwa homa. Kwa muda wote niliokaa kimya waliniamini, na siku niliyosema kweli ndiyo siku wanayonitilia shaka. Siwezi kuwalaumu. Ndiyo maana hesabu zako zinahitajika kuliko maneno yangu.

Sasa kuhusu kifurushi. Jana baba yako alisimama mlangoni na msumeno. Nilikuwa nimemwomba, lakini sikuwa na hakika kama ataniitikia.

"Mkono upi?" aliuliza.

"Wa kulia. Wa kushoto ndio ninaouegemea."

Alikata taratibu, karibu na pale unapoungana na mgongo wa kiti, kwa hasira iliyokuwa na adabu. Mama yako ameufunga kwa taulo. Usiupige msasa mpaka umepiga picha. Ukiulainisha utaona miduara ya ukuaji, kila mwaka mduara wake. Mwanzoni imekaa katikati kama ilivyo desturi. Halafu kuna mahali inaanza kuhama, upande mmoja mnene na mweusi, upande wa pili mwembamba. Hapo ndipo mti ulipoanza kuinamishwa na udongo. Nimeshahesabu kwa lenzi yangu, ila sikwambii nimepata nini. Hesabu mwenyewe, kisha mpe mtu mwingine ahesabu bila kumwambia ulichopata.

Mkono huo hautakuambia mti ulisimama wapi hasa, na msimamizi wako atauliza. Mjibu ukweli kwamba hatujui, tunajua tu ni mteremko gani. Usiuongezee ushahidi nguvu usiyokuwa nayo. Kosa langu mimi lilianzia kwenye kujaza nafasi iliyopaswa kubaki wazi. Mpe na barua hii aisome, hata pale panaponiaibisha. Aibu ni yangu na nimeshaisaini. Ukiogopa kwamba utakosa shahada kwa kupingana na ramani, kumbuka kwamba mimi nilipata yangu kwa kunyamaza, na tazama ninavyoondoka.

Baba yako atakupigia simu usiku wa leo, maana kifurushi kitachukua siku kadhaa na mwisho wa mwezi hauko mbali. Akiongea kwa ukali usijali. Anajifunza kunikasirikia, na hana muda mrefu wa kujifunza.

Gari limefika. Tunahamia kwa mjomba wako, ng'ambo ya mto, ambako kuna tambarare na mbu. Wamesema watanibeba nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, baba yako nyuma na dereva mbele. Mama yako ana wasiwasi kwamba nitaangukia upande wa kulia. Amenifunga khanga kiunoni kama mtoto.

Nisalimie wenzako unaoishi nao, na yule rafiki yako anayekupikia ukisahau kula. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama lile sweta linakutosha. Mjomba wako na mkewe wanakusalimu. Fundi plasta naye anakusalimu. Alikuja asubuhi na ndoo yake, akaelezwa, na sasa anasaidia kubeba masufuria bila kudai chochote.

Mungu akupe macho ya kuona kisiki na kuuliza mti ulikwenda wapi. Akulinde wewe, na awalinde watakaolala mahali utakapowaambia ni salama. Akipenda, tutaonana. Asipopenda, nimekuachia mkono.

Uliniuliza umekosea wapi. Hujakosea, mjukuu wangu. Mteremko ni mwekundu.

Wako akupendaye, kiangazi na masika,

Bibi